Kununua Bunduki Kuukuu: Tazama Ndani ya Mtutu

Mtu anunuapo ng'ombe wa maziwa hatazami rangi ya ngozi tu. Humfungua kinywa akayatazama meno, humpapasa kiwele, humtembeza huku na huku aone kama anachechemea, kisha huwauliza jirani za mwenye kuuza kabla ya kumwuliza mwenye kuuza mwenyewe. Lakini nimewaona watu wenye akili hiyo hiyo ya mnadani, wakulima hodari na makarani wenye kuhesabu hata senti, wakienda kununua bunduki iliyokwisha tumiwa na akili yote ikawatoka mlangoni. Huitazama mbao iliyopakwa mafuta, huupitisha mkono juu ya chuma cheusi chenye kung'aa, huiweka begani mara mbili tatu, na papo hapo wameanza kupatana bei. Watu wa pwani walikwisha sema zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nasema juu ya bunduki ya kulenga shabaha, ile yenye mifuo ndani ya mtutu, wala si gobori wala bunduki ya marisau. Hapa Kenya kuwinda wanyama kwa mchezo kulipigwa marufuku mwaka 1977, na baadhi ya bunduki za wawindaji wa zamani zimebaki katika makabati ya chuma na katika ghala za wafanyabiashara wenye leseni. Mtu azinunuaye leo hazinunui kwa ajili ya nyati wala pofu. Ni mtu wa kupiga shabaha katika uwanja ulioruhusiwa, tena sharti awe na cheti chake kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Asiye na cheti asijisumbue hata kuuliza bei. Mwenye cheti, naye, na ajue kwamba cheti humpa ruhusa tu, hakimpi macho.

Maarifa haya sikuyapata ofisini. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, akawa miongoni mwa wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliouvuka mto Chindwin huko Burma mwezi wa Desemba 1944, na kazi yake ilikuwa kumsaidia fundi wa silaha wa kikosi. Hakupenda kusimulia vita. Lakini ukimwuliza habari za mtutu wa bunduki, au kasiba kama wengine waitavyo, aliweza kuacha chakula kikapoa. Mengine niliyasoma mwenyewe baadaye katika vitabu vya mafundi, nikaona kwamba mzee yule aliyesoma darasa tatu tu hakuwa mbali na vitabu.

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyochongwa ikajisokota kama nyuzi za kamba. Kati ya mfuo na mfuo hubaki tuta. Risasi ikisukumwa na baruti hushikwa na matuta hayo ikazungushwa, ikatoka inazunguka kama pia ya watoto. Nayo pia, maadamu inazunguka vema, husimama imara. Bunduki ya Lee-Enfield ya .303 ina mifuo mitano yenye kuzunguka kwa kushoto, mzunguko mmoja kamili katika kila inchi 10. Mauser ya milimita 7 ina mifuo minne yenye kuzunguka kwa kulia. Baadhi ya Lee-Enfield zilizotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitiwa mifuo miwili tu ili kazi iende upesi, basi ukiiona ya namna hiyo usidhani kwamba mitatu imelika! Shabaha yote ya bunduki i katika kingo za matuta hayo. Zikiwa kali, risasi hutii. Zikiwa zimeviringika kama kingo za ngazi ya kanisa la zamani, risasi hupita kama mtu apitaye njia asiyoijua.

Sasa, ni nini kilacho kingo hizo? Wengi hudhani ni msuguano wa risasi yenyewe. Msuguano upo, lakini adui mkubwa upande wa nyuma ni moto. Baruti ikilipuka katika chemba, hewa yake huwa ya joto kupita lile liyeyushalo chuma, ingawa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na msukumo wake katika bunduki ya .303 hufika tani 18 au 19 kwa kila inchi ya mraba. Moto huo hupiga hasa pale mifuo inapoanzia, mahali ambapo mafundi hupaita koo. Koo likipigwa hivyo mara elfu kadhaa hupasuka nyufa ndogo ndogo, kama tope la bwawa lililokauka wakati wa kiangazi, kisha vipande hutoka na matuta ya mwanzo yakapotea. Risasi hulazimika kuruka masafa marefu zaidi kabla ya kushikwa, nayo hushikwa upande upande.

Waingereza walijifunza jambo hilo kwa hasara. Mwaka 1888 jeshi lao lilichukua bunduki ya Lee-Metford, yenye mifuo saba isiyo na kina, iliyofaa sana kwa baruti nyeusi ya siku zile. Mara ikaja baruti mpya iitwayo kodaiti, ambayo katika kila sehemu 100 ilikuwa na sehemu 58 za naitrogliserini, 37 za pamba ya baruti na 5 za mafuta mazito ya vaselini. Moto wake ulikuwa mkali mno, na mifuo ile ikalika upesi ajabu. Ndipo mwaka 1895 wakaweka mifuo mitano yenye kina zaidi na kingo za mraba, bunduki ikaitwa Lee-Enfield. Na mwaka 1901 wakaipunguza naitrogliserini ya kodaiti hata sehemu 30. Nayataja haya kwa sababu mpaka leo wako watu wanaoamini kwamba chuma cha Ulaya hakiliki.

Hata hivyo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu, bunduki ya mwindaji haikupata kupigwa kama ya askari. Mwindaji aliyekwenda porini mara mbili kwa mwaka huenda alipiga risasi 20 au 30, pamoja na zile za kujaribu. Hata akipiga hivyo miaka 40, hajafika risasi 1,500, na mtutu wa .303 au wa milimita 7 huweza kuvumilia zaidi ya hizo bila kupoteza shabaha. Ukikuta bunduki ya namna hiyo imeharibika ndani, mara nyingi aliyeiharibu si mpiga risasi. Ni asiyeisafisha, au ni yule aliyeisafisha vibaya.

Asiyeisafisha huua bunduki kwa chumvi. Fataki za zamani, yaani kile kidonge kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, zilikuwa na dawa ambayo ikiisha kuungua huacha ndani ya mtutu chumvi ya jamii moja na ile ya mezani. Kila mama wa nyumbani aijua tabia ya chumvi wakati wa masika: huvuta maji hewani. Chumvi iliyolala juu ya chuma ikavuta maji, asubuhi utakuta kutu, na kutu ile huchimba vishimo ambavyo hakuna mafuta yawezayo kuvijaza. Viwanda vilianza kuziacha fataki hizo katika miaka ya 1920 na 1930, lakini risasi za kijeshi ziliendelea nazo miaka mingi baadaye, na watu wengi walizipiga kwa kuwa zilikuwa rahisi. Na jambo ambalo babu hakuchoka kulikariri ni hili: mafuta hayayeyushi chumvi. Mtu atapaka mafuta mazuri ya bei ghali, akaifungia chumvi ndani, akalala usingizi. Dawa yake ni maji ya moto yaliyochemka sawasawa, yamiminwe kutoka upande wa chemba mpaka mtutu uwe wa moto usishikike. Ndipo hukauka wenyewe, ukapitisha kitambaa kikavu, na mafuta mwisho.

Ama yule aisafishaye vibaya, huyu huua bunduki kwa kamba. Askari walipewa kamba yenye risasi ya shaba mbele na kitambaa nyuma, ya kuvuta kupitia mtutu. Kamba hiyo ikivutwa sawasawa haina neno. Lakini mtu mvivu huivuta akiwa ameinama upande, kamba ikasugua ukingo wa mdomo wa mtutu mahali pale pale, na kamba yenye vumbi ni kama tupa. Baada ya miaka michache mdomo huwa si duara tena, ila kama yai. Nao mdomo ndio mahali pa mwisho kuigusa risasi. Mtutu waweza kuwa na koo lililochoka kidogo na bado ukapiga vema. Mdomo ukiharibika, hewa hutoka upande mmoja kabla ya mwingine, ikaisukuma risasi kombo wakati ule ule inapoaga.

Haya yote yalinifaa mwaka jana, shemeji yangu, mkulima wa ngano na kondoo huko Laikipia, aliponiomba nimsindikize kwenda kununua bunduki. Cheti anacho, na hupiga shabaha na wenzake mara kwa mara. Katika duka la mfanyabiashara mmoja kulikuwa na bunduki mbili. Ya kwanza ilikuwa Lee-Enfield iliyopunguzwa mbao kwa ajili ya uwindaji, imetiwa rangi upya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Bei yake ilikuwa sawa na mitamba mitatu. Ya pili ilikuwa Mauser ya milimita 7, namna ile ambayo Waingereza huiita .275, nayo ilisimama nyuma kabisa pembeni. Mbao yake ilikuwa na mikwaruzo, chuma chake kimefanya rangi ya kahawia, na nilipochungulia ndani ya mtutu niliona giza kama dohani la jiko la kuni. Hii haikuwa mali ya mwenye duka. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, jirani wa shemeji, ambaye mumewe alifariki miaka miwili iliyopita. Na kwa kuwa mama hana cheti, ilikuwa imehifadhiwa pale mpaka apatikane mnunuzi. Mama alitaka mtamba mmoja tu, au fedha zake, apate kumlipia mjukuu wake karo ya shule ya sekondari.

Shemeji alikuwa amekwisha ipenda ile ya kwanza. Naliomba tuipime kwanza. Tulitoa komeo, ambalo mafundi huliita bolti, nikaweka karatasi nyeupe mahali pake ili mwanga uingie, nikatazama kutoka mdomoni. Ulimeta. Mtu asiyejua angelisema ni kioo. Lakini kumeta si kuwa na kingo. Mtutu uliolika humeta vizuri kuliko mpya, kama vile shilingi iliyopita mikononi mwa watu wengi. Naligeuza nikatazama kutoka nyuma, na inchi mbili tatu za mwanzo zilikuwa za kijivu, zimeparara, matuta yake hayaonekani mpaka mbele kidogo. Kisha tukaazima risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki (kamwe usifanye jambo hili kwa risasi iliyo hai) tukaiingiza ncha yake mdomoni mwa mtutu. Katika mtutu mzuri ncha huingia sehemu tu, ikabaki chuma cha risasi chenye kuonekana kati ya mdomo na ganda. Hapa iliingia mpaka ganda likagota. Mwisho, fundi wa duka akatusaidia kupitisha kipande cha risasi laini kilichopakwa mafuta, akikisukuma kwa ufito taratibu. Mwanzoni kilikuwa kigumu kama ipasavyo. Kilipokaribia mdomo kilitelezea nje kama sabuni mkononi. Ningependa kupima kipande chenyewe kwa kipimo cha mikromita, lakini mtutu wenye mifuo mitano haupimiki kwa urahisi, maana kila mfuo umekabiliana na tuta. Haikuwa lazima. Mkono ulikuwa umekwisha sema.

Mwenye duka hakusema uongo wowote. Hakuulizwa.

Kuhusu ile Mauser, giza lililokuwa ndani halikunikatisha tamaa, wala halikunipa tumaini. Giza laweza kuwa kutu, nalo laweza kuwa uchafu tu. Bunduki ya namna hii ina sifa zake. Hispania iliichukua risasi yake mwaka 1893, Makaburu waliitumia dhidi ya Waingereza katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 mpaka 1902, na Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda sana Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo hii. Mimi sioni sifa katika tembo 1,000 waliokufa; naona sifa katika mtutu uliopeleka risasi pale pale kila mara. Lakini sifa za ukoo hazimpi mtoto afya. Nikamwambia shemeji, kabla ya kurudi kuifungua hii, twende kwanza kwa mama.

Alitupokea vizuri akatupa chai. Sikumwuliza habari za bunduki ilivyopiga, maana hilo mke hajui. Nalimwuliza mumewe alikuwa akifanya nini arudipo.

Akacheka. "Mwanangu, kabla ya kunisalimu alikuwa akitaka birika. Nikimwambia chai bado, husema si yake, ni ya bunduki. Kulikuwa na faneli yake pale, nikiigusa twagombana."

"Na baada ya maji, mama?"

"Vitambaa. Shuka zangu ngapi zimekwisha! Na mwaka ule alipougua, akaipaka grisi ndani yote, akasema haitapigwa tena mpaka apone."

Basi pale pale nalijua giza lile ni nini. Si kutu, ni grisi ya marehemu, na vumbi la duka juu yake. Nalijua pia kwamba aliipitisha kamba au ufito mtu mwenye subira, maana mwenye kuchemsha maji usiku baada ya safari hasafishi akiwa ameinama upande.

Tulirudi dukani, na kwa idhini ya mwenye duka tukausafisha mtutu. Tuliuanza kwa mafuta ya taa, kutoka nyuma kwenda mbele, kitambaa baada ya kitambaa. Nitaje hapa kwamba bunduki yenye grisi ndani isipigwe kabla ya kusafishwa. Grisi hufanya kizuizi, na kizuizi huvimbisha mtutu. Nyumba ya nyigu hufanya vivyo hivyo, na nyigu hawa wa matope hupenda sana tundu la upana ule. Mtutu uliovimba utauona ukitazama ndani: kuna pete nyeusi kama kivuli, mahali pamoja. Ukiiona pete hiyo, rudisha bunduki ukutani uende zako, hata ukipewa bure.

Baada ya vitambaa kumi na kitu mwanga ukaanza kupenya. Kulikuwa na rangi ya shaba kidogo juu ya matuta, masalio ya ngozi za risasi, ambayo dawa yenye amonia iliiondoa ikageuza vitambaa kuwa vya samawati. Chini yake matuta manne yalisimama na kingo zake, kutoka koo mpaka mdomo. Palikuwa na madoa machache ya kutu karibu na chemba, madogo kama mbegu za haradali, nami sikuyahesabu kuwa kitu. Kipande cha risasi laini kilipita kwa ugumu ule ule mwanzo mpaka mwisho. Na kwa kuwa mifuo ni minne, mfuo hukabiliana na mfuo, tuliweza kupima: inchi .285, ilhali kichwa cha risasi yake ni .284.

Hapo shemeji alinivuta pembeni karibu na mlango.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "mama amesema mtamba mmoja. Mimi natoa mtamba mmoja. Wewe nyamaza."

Nikamwambia kwamba bunduki hii kwa haki yake ni zaidi ya ile ya mitamba mitatu.

"Najua. Lakini nikipeleka viazi sokoni, yule mwenye lori huniambia bei ya Nairobi? Kila mtu huja sokoni na macho yake."

Maneno hayo si ya mjinga, na sikuweza kuyatupa hivi hivi. Nimekulia shambani, nawajua wenye malori. Lakini nalimjibu kwamba mwenye viazi aviona viazi vyake, aweza kuvipanga, kuvipima, hata kuvirudisha nyumbani asipopenda bei. Mama huyu haruhusiwi hata kuishika bunduki yake. Tena jambo lililotufanya tuifungue ni habari ya birika, na habari ile alitupa yeye, kwa nia njema, pamoja na chai. Kumnyima bei kwa kutumia maneno ya kinywa chake mwenyewe, hilo silo jambo la macho ya sokoni. Shemeji hakunijibu. Alitazama nje muda mrefu, akawasha gari, tukaenda mpaka nyumbani bila kusema neno ila habari za mvua.

Siku ya Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha. Tulikubaliana na mwenye duka bunduki zote mbili zijaribiwe, naye akaja nazo mwenyewe. Hapa nawasihi wasomaji wasidanganywe na risasi tatu. Bunduki mbovu yaweza kuweka risasi tatu karibu karibu kwa bahati, na mwenye kuuza atalichukua lile karatasi akalitia katika fremu. Piga tano, uache mtutu upoe, upige tano nyingine. Tena kabla ya kuulaumu mtutu, kaza skrubu za mbao, hakikisha mbao ya mbele haiusukumi mtutu upande mmoja, na shabaha ya mbele haichezi. Lee-Enfield hasa ni nyepesi kuudhika kwa mbao iliyokaa vibaya. Mtutu mzuri umepata kutupwa kwa ajili ya skrubu moja iliyolegea. Naye fundi na apime kwanza nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha ganda, kwa maana hilo si jambo la shabaha, ni jambo la uso wako.

Shemeji alipiga akiwa amelala, amelaza mbao juu ya mfuko wa mchanga, kwa yadi 100. Mimi naliandika. Lee-Enfield ilitawanya risasi tano za kwanza katika upana wa inchi tisa, na za pili katika kumi na moja. Mojawapo ya matundu haikuwa duara. Ilikuwa ndefu kama tundu la ufunguo, alama ya kwamba risasi ilifika kwenye karatasi ikiwa imelala ubavu. Ukiona tundu la namna hiyo hakuna haja ya kuendelea kupoteza risasi. Fundi mwema aweza kuukata mtutu inchi moja au mbili na kuuchonga ukingo mpya, na mara nyingi hilo huponya mdomo, ila haliponyi koo, na bunduki hii iliumwa kote kuwili.

Mauser ilipiga tano katika inchi mbili na nusu, na tano za pili katika inchi mbili na robo tatu, kwa shabaha zake za chuma za zamani, bila darubini. Kwa bunduki ya umri huo mtu asitake zaidi. Shemeji aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akalitazama karatasi, kisha akalikunja akalitia mfukoni mwa koti.

Jioni ile alikwenda kwa mama peke yake. Sikumwomba anieleze, naye hakunieleza. Habari nalizipata kwa dada yangu. Alimfunulia mama lile karatasi mezani, akamweleza matundu yale maana yake ni nini, akamwambia bei aliyoitaja haikuwa bei yake. Wakapatana mitamba miwili na nusu: mmoja mara moja, kabla shule hazijafunguliwa, na fedha zilizobaki baada ya kuvuna ngano. Mama alitaka kumpa na ile faneli pia, shemeji akakataa, kisha akaichukua. Makaratasi ya kuihamisha bunduki katika cheti chake yalichukua muda kuliko hayo yote, lakini hayo ni kawaida, nami kwa kazi yangu siwezi kuyasema vibaya.

Ile Lee-Enfield, nilipopita dukani mara ya mwisho, ilikuwa ingali ukutani. Imepakwa mafuta upya.